Shujaa Aliyepita Dirishani

"Kitendawili."

"Tega."

"Anainua gari la moshi kwa mkono mmoja, lakini mkono wa binti umemshinda kuushika."

Didas akacheka hadi mabega yakatikisika, na Sihaba akampiga kofi dogo la mgongo. "Tulia, bwana we. Nitakuchoma pini."

"Hicho hata mtoto anakijua. Ni huyu niliyemvaa."

"Ndiye," akasema Sihaba. Lakini yeye hakucheka.

Didas alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya chumba cha kushonea sampuli, ghorofa ya sita, nyuma ya soko la nguo la Shahe, Guangzhou. Mikono ameitandaza kama mtu anayepekuliwa. Alivaa suruali ya mistari, kizibao chenye vifungo kumi na viwili, shati la kola ngumu iliyomfika kidevuni, na kofia ndefu nyeusi mfano wa bomba la jiko. Ukimtazama kuanzia juu ungesema ni bwana mkubwa wa Kiingereza wa miaka mia na hamsini iliyopita. Ukishuka chini unakuta Mchaga wa Kibosho aliyevaa ndala.

Kazi hiyo waliipata kwa Bi Lin, mwenye kiwanda, ambaye kila mtu pale alimwita Laoban, maana ndivyo mabosi wanavyoitwa. Mteja wake wa mbali alitaka mavazi ya sherehe ya namna mpya. Alimtaka yule shujaa wa siku zote, yule wa joho jekundu anayeruka juu ya majumba, ambaye watoto wa dunia nzima wanamjua hata kama hawajui kusoma. Ila hakumtaka wa leo. Alimtaka kama angezaliwa zama za Malkia Viktoria, zama za taa za gesi, magari ya farasi na moshi wa makaa ya mawe. Didas ndiye aliyechora, Sihaba ndiye aliyekata na kushona.

Kuchora si kazi iliyomleta China. Alikuja kununua jinzi na makoti ya duka lake la Moshi. Lakini kila alipongoja mzigo alikuwa anachora kwenye makaratasi ya maboksi, na siku moja Sihaba, fundi wa sampuli kutoka Unguja, akachungulia begani kwake akasema, "Huyo mtu mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe." Ilikuwa kweli. Akafuta, akachora upya. Miaka miwili sasa tangu mkono ule ufutwe, na kila walipokutana walitegeana vitendawili, na kila aliyeshindwa alitoa mji.

Shujaa huyu walimtunga pamoja, wakicheka.

"Sasa anaingiaje nyumbani kwa mchumba?" Sihaba aliuliza siku ya kwanza.

"Anaruka, anapita dirishani. Ndiyo kawaida yake."

"Dirishani! Nyumba ya watu? Zama hizo? Baba mtu angemvunjia fimbo kichwani. Hana shangazi wa kumtuma?"

Didas akakuna kichwa. Akachora shujaa ameketi sebuleni, magoti yamebanana, kofia ndefu mapajani. Baba mtu anasoma gazeti kama hamwoni. Kati ya shujaa na binti ameketi shangazi mnene anafuma soksi. Sihaba akaipenda picha ile kuliko zote.

Na joho alilibuni Sihaba mwenyewe. Nje likawa jeusi, la heshima, ndani jekundu, ili shujaa afiche siri yake mpaka siku ya haja. Kisha ukingoni akapitisha uzi wa dhahabu, shingoni mpaka miguuni. Laoban alipouliza kwa nini dhahabu, Sihaba alisema zama zile ndivyo walivyovaa. Hakusema ni wapi. Didas alijua. Alikwisha kuziona picha za harusi za kwao. Bwana harusi wa Unguja huvaa joho la namna ile siku anapokwenda kumchukua mkewe.

Sasa Sihaba alilitoa joho kwenye kiango, akalitupia juu ya mabega ya Didas. Likakaa kama limezaliwa pale.

"Hata hukunipima," Didas alisema.

"Nikupime cha nini? Vipimo vyako vimo kichwani. Niamshe usingizini nikukatie koti." Akainama haraka kushika upindo.

Huko chini mikokoteni ilikuwa inagongana, na tepu za kufungia maboksi zilikuwa zinalia krrr, krrr, kama kawaida ya Shahe saa saba mchana. Mvua ilikuwa imeanza. Didas aliona ndiyo nafasi aliyoingoja tangu asubuhi.

"Siha, nina habari. Nilitaka nikwambie tukimaliza lakini siwezi. Jana nimeongea na mama."

Sindano ikasimama.

"Nimemwambia kila kitu. Nimemwambia nakwenda msikitini na Mzee Marijani, na jina la Kiislamu nimeshachagua. Unajua mama yangu Felisia, anafundisha watoto katekisimu miaka thelathini. Nilidhani atakata simu. Halafu akasema, 'Mimi nimekubali, mwanangu. Ila hiyo siku yenyewe usiniambie ni lini.'" Didas akajifuta pua kwa mkono wa shati la Laoban. "Amekubali, Siha. Mama yangu amekubali."

Didas alijaribu kugeuka, joho likamzuia. Alichoona ni tone la damu kwenye kidole cha Sihaba, naye anakinyonya kama mtoto, macho yameganda kwenye upindo.

"Umejichoma?"

"Si kitu."

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi. Mungu ampe mama umri." Akainuka, akaenda mezani kutafuta kitambaa. Ndipo Didas, akimfuata kwa macho, akaona sanduku nyuma ya mlango. Sanduku kubwa, limefungwa kamba pande zote, na juu yake, kwa kalamu ya wino mzito, herufi tatu ndani ya duara la kijani: SBH.

Alama ile aliijua kama anavyolijua jina lake. Wafanyabiashara wa kwetu huko Guangzhou huchangia kontena. Watu ishirini, mizigo ishirini, mlango mmoja. Kwa hiyo kila robota na kila boksi hupigwa alama ya mwenyewe, na mzigo ukifika, alama ndiyo inayosema. Hakuna anayebishana nayo. Ya Didas ilikuwa DK ndani ya pembetatu. Ya Sihaba ni hiyo ya duara la kijani.

"Unasafirisha nini?"

"Nasafiri."

"Kwenda wapi?"

"Nyumbani. Leo. Kaka Ahmada anakuja kunichukua saa nane."

Didas akacheka kidogo, kwa kutojua afanye nini. "Baba anaumwa?"

"Baba mzima." Sihaba alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alikuwa ameshika utepe wake wa kupimia, anauzungusha kidoleni, anaukunjua, anauzungusha tena. "Didas, nikuulize. Lile sanduku la posa ulilipelekaje?"

Moyo wa Didas ukaruka. Miezi miwili alikuwa anangoja mtu alitaje sanduku lile. Ndani aliweka barua aliyoandikiwa na Mzee Marijani, yule aliyekuwa akimpeleka msikitini, kwa maneno mazuri ya heshima, imezungushiwa kitambaa cheupe cha hariri. Aliweka kanzu ya baba na mtandio wa mama. Na juu kabisa, kwa kuwa aliona ni nzuri, aliweka ile picha ya shujaa ameketi sebuleni.

"Limefika? Kumbe limefika! Mbona hukuniambia?"

"Ulilipelekaje?"

"Kwenye robota lako. Lile la madera, siku tulipopakia pale ofisini kwa kaka yako. Nililiandika alama yako, nikalisokomeza katikati." Akasita. "Ningelipeleka kwa alama yangu, Ahmada angeliona linakwenda kwa baba yake, angelifungua. Unamjua. Nikasema kwa alama yako litapita moja kwa moja hadi mlangoni kwenu. Nilitaka ushtuke kwa furaha."

"Nilishtuka," akasema Sihaba.

Kisha akamweleza, polepole, kama mtu anayefumua mshono bila kukata kitambaa.

Kontena liliteremshwa bandarini Malindi, Unguja. Robota likapelekwa Kikwajuni, nyumbani, na siku hiyo mama yake alikuwa na wageni, shangazi wawili na majirani wa kushoto na kulia. Mzigo wa Sihaba ukifika hufunguliwa mbele ya watu, ndiyo raha ya mama. Wakatoa madera. Katikati ya madera likatoka sanduku, juu limeandikwa SBH. Mama akalifungua. Likatoka kanzu, ukatoka mtandio, ikatoka barua ndani ya hariri. Shangazi mmoja akaisoma kwa sauti.

"Mungu wangu," alisema Didas.

"Barua inaniposa. Na sanduku lina alama yangu."

"Lakini barua ina jina langu!"

"Ina jina lako. Baba alinipigia simu jioni ile. Hakupiga kelele, baba yangu hana kelele. Akasema, 'Mwanangu, barua ina jina la kijana, mzigo una jina lako. Sasa ni nani amekuja kwangu?' Hakuna mzee aliyebisha hodi, Didas. Hakuna mshenga. Hakuna hata aliyepiga simu kusema tunakuja. Posa haina miguu, hutembea kwa miguu ya watu. Hii ilitembea kwa miguu yangu. Mtaa mzima ukajua binti wa Mzee Maulid amejiposa mwenyewe, katuma na kanzu ya baba yake. Baba alipotoka kwenda barazani wenziwe wakanyamaza. Baba yangu, ambaye huwatenganisha watu wakigombana, wakamnyamazia."

Didas alishuka kwenye kigoda. Joho likaburuta sakafuni, na Sihaba, kwa mazoea ya mikono, akaliinua lisichafuke.

"Ulimjibu nini?"

"Aliniuliza: hili sanduku umeliweka wewe? Kama si wewe, niambie nani." Akalikung'uta joho. "Nikasema ni mimi."

"Siha! Kwa nini?"

"Ningesema nini? Kwamba umepenyeza kitu kwenye mzigo wa mtu, ofisini mwa Ahmada? Unajua huyo mtu anaitwaje huku kwetu. Nani angekupakilia mzigo tena? Nani angekuruhusu uguse robota lake? Nikasema baba ananipenda, atanikasirikia siku mbili kisha atanisamehe, siku zote hunisamehe. Basi kweli akanisamehe. Na siku ya tatu akamkubalia Abubakary."

"Abubakary ni nani?"

"Ana duka la vitambaa Darajani. Mtu mwema. Aliniposa mwaka jana, kwa wazee na mshenga na kila kitu, baba akamwambia subiri, binti yuko kazini. Sasa hakumwambia subiri."

Mvua ilikuwa inapiga kioo. Didas alivua kofia ndefu, akaishika kwa mikono miwili juu ya tumbo, na wala hakujua kwamba amesimama vilevile alivyomchora shujaa wake mbele ya baba mkwe.

"Nipe simu," akasema. "Nampigia sasa hivi. Nitamwambia ni mimi, aniite mwizi, aniite anavyotaka. Ukweli upo, Siha! Mzee Marijani shahidi. Nipe simu."

"Nilimwambia jana."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia yote. Sikuweza kupanda ndege na uongo tumboni." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, na hakuyafuta. "Nikasikia anaifunua karatasi. Kumbe ile picha yako anayo, kaiweka ndani ya msahafu wake. Akasema, 'Aliyechora hii anajua adabu. Anajua mtu anakaaje mbele ya mzee. Mbona hakufanya kama picha yake?'"

Didas akageuza uso.

"Akasema, 'Ungeniambia siku ile, mwanangu, ningengoja. Leo nimeshatoa neno. Sinia la watu nimelipokea, fatiha imesomwa. Nikilirudisha nitakuwa nimevunja nyumba ya watu wasio na kosa ili nijenge ya wenye kosa.' Alikuwa analia, Didas. Sijapata kumsikia baba analia. Akaniuliza kama nataka avunje. Kaniachia mimi. Nikamwambia asivunje."

"Wewe? Wewe ndiye umesema?"

"Mimi."

Hapo Didas alishindwa kuwa mwungwana. Akaitupa kofia mezani, ikaangusha kopo la vifungo, vifungo vikatawanyika chumba kizima. "Basi mimi ni nani? Miaka miwili! Nimemliza mama yangu. Twende zetu, Siha. Shenzhen hapo, saa moja kwa treni. Tutafunga ndoa, tutarudi Unguja na mtoto, watatusamehe, wazee wote husamehe wakiona mtoto! Kuna watu wangapi wamefanya hivyo?"

"Wengi."

"Basi!"

"Shujaa wako anaruka," alisema Sihaba taratibu. Alipiga magoti, akaanza kuokota vifungo kimoja kimoja. "Ukiwa unaruka huoni unaowaacha chini. Mie siruki. Mie nina baba ambaye barazani wamemnyamazia mara moja. Sitaki wamnyamazie mara mbili. Na wewe, nikikufuata leo, kila ukinitazama utamwona mzee analia na karatasi mkononi. Utanichoka, Didas. Si kwa ubaya. Utachoka tu."

"Sitachoka."

"Basi mimi nitachoka."

Didas akapiga magoti naye, katika joho lake la dhahabu, wakaokota vifungo pamoja. Mikono yao ikakutana kwenye kifungo cha mwisho chini ya meza. Hakuna aliyeuondoa mkono wake. Sihaba alimtazama usoni, akamtazama kwa utulivu, nyusi, pua, kovu dogo la kidevuni, kama anavyotazama kitambaa ambacho hakitapatikana tena sokoni.

"Ulitaka nishtuke kwa furaha," akasema.

"Ndiyo."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

Mlango ukafunguliwa ghafla, akaingia Laoban na mwavuli unaovuja na simu yake kubwa. Bi Lin alikuwa mtu wa vicheko na haraka, na Kiswahili chake chote kilikuwa maneno sita.

"Haokan!" akapiga ukelele, yaani inapendeza. "Haokan, rafiki! Simama, simama!" Akamzungusha Didas kama mwanasesere, akalifunua joho uwekundu ukaonekana, akalifunika, akapiga makofi. Sampuli imepita. Akaeleza kwa Kichina chake cha haraka, na Sihaba, aliyekizoea, akatafsiri kwa sauti isiyo na uhai: kesho kiwanda kinaanza kukata. Watakata kwa kufuata hii hii, mabega haya haya. Mia sita.

"Dada!" Laoban akageuka. "Dada, picha!"

"Buyao, Laoban," akasema Sihaba, akitikisa kichwa. "Buyao, leo hapana."

Lakini Laoban hakuwa mtu wa kuambiwa hapana na fundi wake. Sampuli ya mwanamke nayo ilitaka picha, na siku zote Sihaba ndiye aliyeivaa. Akamtwika mabegani shali jeupe la lesi juu ya mtandio wake, akampa maua ya plastiki, akamsogeza kwa Didas hadi begani. "Cheka!" Neno hilo alilijua vizuri.

Wakasimama. Bwana katika joho jeusi la ukingo wa dhahabu, bibi katika lesi nyeupe, maua mkononi. Nyuma yao cherehani na kalenda ya mwaka uliopita.

"Tazama mbele," Sihaba alinong'ona bila kufumbua midomo. "Ukinitazama nitaanguka."

Didas akatazama mbele. Simu ikalia kacha, kacha, kacha. Laoban akaitazama kazi yake, akaridhika, akamfinya Sihaba shavu na kuondoka alivyokuja, akidhani machozi yale ni ya furaha ya sampuli.

Walikuwa bado hawajasogea. Mlangoni alikuwa amesimama Ahmada.

Ahmada kaka yake Sihaba ana ofisi ya kusafirisha mizigo kule Tianxiu Dasha, jengo kubwa la mtaa wa Xiaobei, na watu wanamheshimu kwa sababu hana maneno mengi. Alisimama na koti lililolowa, akawatazama wale wawili walivyovaa. Kitu kikapita usoni kwake, akakimeza.

"Kaka Ahmada," alisema Didas.

"Didas." Akaingia, akaligusa sanduku la dada yake kuona kama kamba zimekaza. Zilikuwa zimekaza. Akaendelea kuzishika. "Mzee kanambia jana."

"Nimekukosea, kaka."

"Miaka minne mizigo yako inapita mkononi mwangu. Kuna kifungo kimewahi kupotea?"

"Hapana."

"Sanduku lile ungeniletea mkononi." Sauti ya Ahmada ilikuwa ya chini sana. "Ningekataa. Siku ya pili ungelirudisha, ningekataa. Siku ya tatu ningelibeba mwenyewe mpaka kwa baba, kwa miguu yangu, kwa sababu huyu ni dada yangu na mie si kipofu. Miaka miwili namwona anavyorudi nyumbani akitoka huku. Nilikuwa nakungoja, yakhe. Ulikuwa unapita mlangoni kwangu kila wiki. Nikisema leo ataniambia, leo ataniambia."

Kuna maumivu ya kunyimwa, na watu wengi wanayajua. Lakini haya ya kujua kwamba mlango haukuwa na komeo, kwamba ungesukuma tu ungefunguka, hayo hayana dawa wala jina.

"Saa nane imepita," Ahmada akasema, akiinua sanduku. "Gari ipo chini, Siha."

Sihaba alilivua shali la lesi, akalikunja mara nne, akaliweka mezani. Utepe wake wa kupimia akautundika shingoni mwa Didas juu ya joho, kama mafundi wanavyoutundika, akauweka sawa pande zote mbili. Ahmada akageukia ukuta, akaanza kuisoma kalenda ya mwaka uliopita.

"Upindo wa kushoto bado," alisema Sihaba. "Pini ziko tatu. Mwambie Laoban amalizie."

"Nitamwambia."

"Na mama yako usimwambie leo. Mwache afurahi wiki moja."

Alikwenda hadi mlangoni. Akashika kitasa, akasimama, akageuka.

"Kitendawili," akasema.

Didas akaushika utepe shingoni. "Tega."

"Nakuchukua mzima, na hapo ulipo unabaki mzima."

Alikijua. Alikijua kabla hajamaliza kutega. Na kanuni ya mchezo wao aliijua pia: akijibu, Sihaba hapati mji, lazima abaki atege kingine, na kingine, na kingine. Siku nyingi pale chumbani alikuwa amemzuia hivyo hivyo asirudi nyumbani mapema, akimjibu mpaka taa za soko zikawaka. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angelitoa tu.

Akautazama mkono wa Sihaba kwenye kitasa. Ulikuwa umekishika kwa nguvu, kama wa mtu asiyetaka kuanguka.

"Umeshindwa?" Sihaba aliuliza. Macho yake yalikuwa yanaomba.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Miaka miwili alikuwa amempa miji. Alimpa Moshi, alimpa Foshan, alimpa Kibosho jikoni kwa mama yake, akampa hata miji isiyokuwapo. Mji mmoja tu hakuwahi kumpa, kwa kuogopa asije akaenda kweli.

"Nakupa Unguja," akasema.

"Nimekwenda Unguja," akaitikia Sihaba, na sauti ikakatika. Kwa desturi alipaswa kuendelea, aseme amepokewa na nani, amelishwa nini, kisha alitoe jibu. Hakuendelea. Mlango ukafungwa nyuma yake taratibu, kama anavyofunga mtu aliyelelewa vizuri.

Didas akasikia magurudumu ya sanduku yakishuka ngazi, ghorofa ya tano, ya nne, ya tatu. Akaenda dirishani. Huko chini, kati ya mikokoteni na miavuli, Ahmada alikuwa anapakia sanduku ndani ya gari, na hata kutoka ghorofa ya sita duara la kijani lilionekana. Sihaba aliinua uso mara moja. Aliona nini, mvua ile? Labda mtu mweusi katika joho la harusi, amesimama kwenye dirisha ambalo shujaa wake angelipita.

Gari likaondoka.

Alisimama pale mpaka pumzi yake ikaziba kioo chote kwa ukungu. Mabega yake yalikuwa yameenea vizuri ndani ya joho, wala halikumbana popote, na hakuna aliyempima.

"Vipimo vyangu," akaliambia dirisha jibu la kitendawili.